Kitenge Juu ya Mkeka

Eda yangu ilikwisha siku ya soko, baada ya miezi minne na siku kumi. Jioni ile wazee wa ukoo wa marehemu mume wangu wakaja, wakakaa chini ya mwembe. Juu ya mkeka wakaweka kitenge kipya. Nikikipokea, shemeji yangu ni mume wangu.

Upande wetu wa Wamaza mjane kurithiwa si jambo geni, na wazee wale hawakuwa wabaya. Waliogopa watoto wasitawanyike. Shemeji mwenyewe ni mtu mpole, na watoto wangu wanampenda hadi leo. Lakini hakuna aliyeniuliza.

"Baba zangu, mnisamehe. Sitapokea."

Mkubwa wao akaniuliza taratibu: "Basi utakula wapi, mama?"

Jibu nililipata upesi. Shamba la mpunga, lile nililolima miaka tisa, likapewa mtu mwingine. Msimu mzima nililima mihogo ya watu kwa kibarua cha beseni moja la mihogo mikavu. Watoto walikula bukari na sombe isiyo na mawese. Usiku nilijiuliza kama nimewatesa kwa kiburi changu. Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ndiyo iliyonipa mtaji wa kuuza mafuta, nikapumua.

Shehe alinisimamia. Aliwakumbusha wazee kwamba Sura An-Nisaa, aya ya 19, inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Baadaye, kwenye mafunzo Kasongo, nikasikia kwamba sheria ya nchi yetu ya Julai 2006 inamfunga mwaka 1 hadi 12 mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuolewa. Sikutaka kuwafunga babu za watoto wangu. Nilitaka kuulizwa.

Kwenye mafunzo hayohayo, mama aliyekuja kutufundisha haki zetu alisema mjane anayekubali shemeji bado yuko gizani. Nikasimama. Jirani yangu alikubali shemeji yake, na nilikuwapo. Baba mkwe alimwita, akamwambia: shamba ni lako ukikubali, ni lako ukikataa, fikiri mpaka mwezi uandame. Akafikiri, akakubali kwa moyo wake. Kumwita huyo mjinga ni kumnyang'anya neno lake, kama mimi nilivyokaribia kunyang'anywa langu. Tofauti yetu haikuwa mume. Yeye, angesema ndiyo au hapana, watoto wake wangekula wali.

Mwezi huu wamekuja kumposa binti yangu mkubwa, ambaye ametimiza miaka ishirini. Wazee walewale, mwembe uleule. Mkubwa wao, sasa anatembea kwa fimbo, alinitazama kitambo, kisha akasema: "Mwiteni mwenyewe."

Akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Wakamuuliza. Akaomba siku tatu.

Leo ni ya pili.