Uzi wa Fundi wa Mandera

Kutoka Nairobi hadi Mandera, kwa njia ya Garissa na Wajir, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na motokaa ifikapo kando ya mto Daua, mpakani mwa Ethiopia na Somalia, mipira yake hueleza habari zote za safari. Dereva mmoja aliwasili huko na Land Rover ya zamani, mipira miwili ya mbele imelika upande wa nje kama sabuni. Alikuwa ameinunua kwa mkopo, naye alimlaumu aliyemwuzia.

Fundi alipitisha kiganja juu ya mpira. Kuelekea huku ni laini. Kuelekea huku wakwaruza. Akainua gari kwa jeki, akatikisa gurudumu, na kiungo kilichoko nchani mwa ufito wa usukani kikacheza.

“Bwana dereva,” alisema, “ukipima gari lenye viungo vilegevu, unapima uongo.”

Kiungo kikabadilishwa kwanza. Mashine ya kupimia haikuwapo. Palikuwa na chaki na uzi. Alitia alama katikati ya kila mpira, upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, akapima toka alama hadi alama. Kisha gari likasukumwa nusu mzunguko, alama zikaenda nyuma, akapima tena zile zile; kwa hiyo hata rimu iliyopinda haikuweza kumdanganya. Mbele hupaswa kuwa pembamba kuliko nyuma kwa kadiri ya milimita 2 tu. Tofauti ilikuwa 11. Akalegeza vifungo, akauzungusha ufito uunganishao magurudumu mawili, ambao hesi za ncha zake hupingana, nao ukarefuka kidogo kidogo.

Wengi hudhani kazi hii ni ya magari ya mashindano. Datsun 240Z, gari la fahari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, lilipotoka kiwandani halikuwa na skrubu ya kurekebisha mlalo wa magurudumu ya mbele. Kilichorekebishwa ni mwelekeo wao tu, kwa fito za usukani. Basi gari la fahari na gari la kubeba mbuzi huzungushwa mahali pamoja!

Dereva alitaka kuondoka mara hiyo. Fundi akamwamuru kwanza aende hadi mwisho wa mji na kurudi, ili springi zitulie, akapima upya: milimita 2. Mipira iliyolika ikahamishiwa nyuma, na gari likashika njia ya El Wak, deni la mipira likiwa limebaki miezi minne.