Twende Kitulo Tukaone Maua

Msomaji mpenzi, ukisikia kwamba watu husafiri siku nzima kwenda kutazama maua, usicheke. Fuatana nami mpaka Kitulo, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, uone mwenyewe.

Ukitoka Mbeya, shika barabara kuu iendayo Iringa hadi Chimala, mwendo wa kilometa 80 hivi. Hapo uiache barabara kuu, upande mlima kuelekea Matamba. Njia hiyo ina kona zaidi ya 50, na ukitazama nyuma utaliona bonde la Usangu limetandazwa chini kama mkeka. Juu kabisa uwanda wa Kitulo umefika meta 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko ni baridi, basi usisahau koti. Miti ni michache. Ni majani tu mpaka macho yachoke. Watu wamepaita Bustani ya Mungu.

Nenda wakati wa mvua, baina ya Desemba na Aprili, ndipo maua yanapochanua. Zimehesabiwa aina 350 hivi za mimea, na 45 katika hizo ni okidi ziotazo ardhini. Kwa ajili ya maua hayo, mwaka 2005 Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Hifadhi nyingine tunazijua kwa simba na tembo. Hii ilitengwa kwanza kwa sababu ya mimea yake.

Ukitaka kupiga picha, kwa kamera au kwa simu, toka asubuhi kabla upepo haujaanza kuyatikisa maua. Fuata njia, usiyakanyage. Kisha piga magoti, maana okidi nyingi ni fupi. Utaona aina moja yenye vipembe viwili nyuma ya ua, ndani yake mna maji matamu. Mdudu ayafuataye hutoka na chavua imemnata, akaipeleka kwa ua jingine. Ajabu kubwa katika kitu kidogo!

Lakini chini ya ua mna kiazi, na hapo ndipo penye hatari. Viazi hivyo huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga, kikawa chakula kiitwacho chikanda. Okidi za namna hii huwa na viazi viwili: kimoja kinalisha ua la mwaka huu, cha pili ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji huondoka na vyote viwili. Nayo mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani. Isipopata kuvu wa udongoni wa kuilisha, haioti. Wala huwezi kuipanda tena kama mahindi.

Simlaumu mchimbaji. Naye ni mzazi, anatafuta fedha ya chumvi na daftari za watoto. Lakini tufikiri pamoja, ndugu zangu. Gunia la viazi huuzwa mara moja, likaisha. Ua likibaki, mwaka ujao litaleta wageni tena, nao watahitaji chakula, malazi na kijana wa kuwaongoza.

Bwana Wetu alipotaka kutufundisha kumtumaini Baba, alituonyesha maua ya kondeni. Tukiyamaliza, tutawaonyesha watoto wetu mashimo? Basi ukienda Kitulo, rudi na picha, na viazi uviache udongoni, ili mwenzako naye akute maua.