Wapagazi wa Joto

Wapo wanaodhani riwaya huandikwa na mtu aliyekaa kivulini, mguu juu ya mguu, kikombe cha kahawa pembeni. Wengine kivuli hicho hatuna. Mimi ni mtoto wa Ipole, wilaya ya Sikonge, mkoa wa Tabora, pale njia inapogawanyika, moja ikielekea Mpanda na nyingine Rungwa hadi Mbeya. Shule niliishia kidato cha nne. Katika miaka mitatu niliyokaa Dar es Salaam nimeandika sura saba za riwaya yangu kwa hela ya kubeba vitu vizito. Leo nitaeleza kitu kimoja tu kati ya hivyo.

Kitu chenyewe ni kiyoyozi. Usifikirie kile kisanduku cheupe cha ukutani kwenye ofisi za wakubwa. Hiki kilikuwa kiyoyozi cha paa, sanduku la bati na chuma kubwa kama Hiace iliyong'olewa magurudumu, cha kupoza jengo zima la maduka. Fundi mkuu alituambia ni cha tani 20. Sisi vibarua sita tukatazamana. Tani 20 tutazipandishaje juu ya paa?

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa watani na hakuniita jina langu hata mara moja. "Mtani," akasema, "hizo si tani za mzigo. Uzito wake ni kilo 980, soma hapo ubavuni." Tani moja ya kiyoyozi, akatueleza, ni nguvu ya kuondoa joto linalotosha kuyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24. Kabla ya mashine hizi, watu wa nchi za baridi walikata barafu kwenye maziwa na kuiuza kwa uzito, na hesabu yao ikabaki hata barafu yenyewe ilipoacha kuuzwa. Nilipenda sana habari hiyo. Neno likikaa muda mrefu hubeba mizigo ya watu waliokwisha kufa.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililoninyima usingizi. Alisema kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto, basi. Ndani yake mna gesi inayozunguka kwenye mabomba ya shaba. Ikiwa kimiminika chenye mgandamizo mdogo, hupita upande wa ndani, ikachemka na kunyonya joto la hewa ya dukani. Kisha kompresa huikamua mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, feni kubwa ikapuliza na kuutupa ule moto juani, gesi ikarudi kuwa kimiminika, ikaenda kuchukua joto lingine. Kwenda umebeba, kurudi mikono mitupu.

"Kumbe ni mpagazi," nikamwambia.

"Tena wa kwenu," akajibu. "Mzaramo hawezi kwenda na kurudi siku nzima bila kuuliza chai iko wapi."

Tukacheka, lakini mimi mawazo yalikwisha kwenda Tabora. Tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ninachokumbuka zaidi ya picha ni ule ubaridi. Nje jua la Oktoba linachoma, ukiingia ndani mwili unatulia, kwa kuwa kuta za udongo ni nene na joto la mchana linachelewa kuzipenya. Hakuna kompresa wala bili ya umeme. Wajenzi wa tembe walilijua joto kabla halijaandikiwa vitabu.

Na mbele ya nyumba kama ile walipita wapagazi. Kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, kwa miguu, miezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, pembe au vitambaa, mbali na mkeka wake na chakula chake. Nilipiga hesabu kwenye ukuta kwa kipande cha chaki: kilo 980 ni mizigo ya watu thelathini na mmoja. Msafara mdogo. Wengine kwenye njia ile walikuwa watumwa, na hilo halifichiki. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wakilipwa kwa merikani, shanga na nyaya, na walijua kupatana bei. Ukiwapunja, walitua mizigo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ndipo kazi ile ilipoanza kufa, na watoto wao wakatafuta mizigo mingine.

Mzigo wetu uliokuja baadaye ni tumbaku. Ipole nimekulia kando ya bani la mjomba wangu, kijumba cha tofali chenye tanuri nje na mabomba ya bati yanayopita ndani sakafuni. Tumbaku ya mvuke haikaushwi kwa moshi wala jua. Unaanza na moto wa kistaarabu, nyuzi 35 hivi, jani liive na kuwa la njano. Kisha unapandisha taratibu mpaka nyuzi 70, ili hata uti wa jani ukauke. Karibu wiki nzima, usiku na mchana, mtu hukaa macho. Ukisinzia moto ukazima, jasho la msimu mzima linaharibika. Mwanga wa mlango wa lile tanuri ndio uliokuwa taa yangu. Niliusomea riwaya zilizochanika majalada, huku mjomba akisema, "Mjomba, geuza ukurasa, ukimaliza ongeza gogo." Kila gogo lilitoka miombo. Mwaka hadi mwaka tulilifuata mbali zaidi, na warina asali wakalalamika kwamba miti ya kutundikia mizinga inakwisha. Hata wao walikuwa na haki.

Sasa nirudi kwenye paa. Kazi ilipangwa Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache na upepo umelala. Siku tatu kabla tulikuwa tumefunga fremu ya chuma kuzunguka matundu mawili ya paa, moja la kupeleka hewa baridi chini na jingine la kurudisha hewa ya moto. Fremu lazima ipimwe kwa pimamaji. Ikiinama upande usiofaa, maji yanayotoka kwenye ubaridi hayataufuata mfereji wake, yatarudi ndani yadondoke kwenye nguo za duka la watu. Juu ya fremu tulibandika utepe wa mpira.

Kreni ikanyanyua. Mikanda minne, na juu yake boriti ya kuitanua ili isibonyeze ubavu wa mashine. Mimi na mshikaji mmoja wa Nzega tulishika kamba za kuongozea, kila mtu kona yake. Sheria ni moja: usijifunge kamba mkononi, na usisimame chini ya mzigo hata kama umeangusha simu. Kilo 980 zikielea hazina kelele. Zilipofika usawa wa paa upepo wa bahari ukaamka, sanduku likaanza kugeuka polepole kama mtu aliyeitwa jina. Kamba ikanipita viganjani. Glovu tuliahidiwa na hatukupewa. Fundi akapaza sauti, "Mtani, liache ligeuke, usishindane nalo!" Nikalegeza, likageuka, likatulia, tukalivuta. Likakaa juu ya fremu kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeketi kwenye mkeka.

Zilibaki kazi za umeme na bomba la maji. Umeme ni wa njia tatu, na nyaya mbili zikibadilishana nafasi feni huzunguka kinyume. Gesi ilikwisha kujazwa kiwandani. Fundi alisema zile za zamani kama R-22 zilikuwa zinakula tabaka la ozoni, ndipo mataifa yakawekeana Mkataba wa Montreal mwaka 1987. Mwaka 2016 yakakutana hapa jirani, Kigali, kupunguza zile zilizochukua nafasi yake, maana haziharibu ozoni lakini zinaipasha dunia joto. Joto linalobebwa linatuliwa mahali, na anayetuliwa haulizwi.

Ikabaki kubonyeza swichi. Hapo mkandarasi akatuita vibarua, akasema tupokee nusu, nyingine "tutaonana". Siku kumi na moja kwa shilingi 15,000 ni 165,000, na ile nusu ya pili mimi nilikwisha kuiahidi nyumbani, hela ya bweni ya mdogo wangu wa kike, aliyebakiza mwaka mmoja amalize kidato cha nne. Mshikaji wa Nzega akakaa chini kwenye zege. Nikakaa. Wote sita tukakaa. Hakuna aliyetoa hotuba.

Mkandarasi akamgeukia fundi: "Washa." Fundi alikuwa na watoto wanne, na kazi kwa yule bwana alikuwa ameifanya miaka. Akaweka bisibisi mfukoni. "Mashine ina wapagazi wake, bosi," akasema. "Wametua mzigo."

Tulikaa juani karibu saa tatu. Tulilipwa. Jioni ile nikaituma hela ya bweni. Fundi hakuitwa tena kwenye kazi iliyofuata.

Vijana wenzangu mnaoandika, kuna jambo limenifurahisha nilipolisoma. Mashine ya kwanza ya kisasa ya namna hii ilibuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, Marekani, kwa sababu unyevu wa hewa ulikuwa unavimbisha karatasi na rangi haziangukii mahali pake. Ilianza kwa ajili ya kurasa kabla ya starehe ya wakubwa. Kwa hiyo tusione aibu kuiandika.

Na tuandike majina. Waliobeba mwili wa Livingstone mwaka 1873 wakapita nao Tabora hadi pwani walikuwa wengi, lakini wanaotajwa mno ni Chuma na Susi. Waliobaki wamekuwa idadi. Sura yangu ya nane nimeianza wiki hii. Ina vibarua sita, kila mmoja nimempa jina, na kabla ya mwingine yeyote nimemtafutia jina zuri la Kizaramo yule aliyetia bisibisi mfukoni.