Homa inayorudi: wahami wajihadhari na kimputu

Katika nyumba za udongo ambamo familia nyingi za wahami zinapokelewa, kuna mdudu anayejificha mchana na kula usiku. Watu wa Maniema wanamwita kimputu. Wengine wanasema papasi. Si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi siku nyingi. Huyu anatoka kwenye nyufa za sakafu na kuta, ananyonya damu nusu saa hivi, anarudi kujificha, na aliyelala hajui kitu. Anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo hata nyumba iliyoachwa tupu tangu vita si salama kwa wanaorudi.

Homa anayoileta inakuja kali, pamoja na maumivu ya kichwa na viungo, siku tatu hivi. Kisha mtu anatoka jasho, anajiona mzima. Wiki moja baadaye inarudi.

Ndivyo ilivyomkuta mama mmoja mhami mwenye mimba. Mara mbili testi ya malaria ilisema hapana, majirani wakaanza maneno ya uchawi. Mara ya tatu muganga wa labo alichukua damu mwili ukiwa bado unawaka, akaona kwenye mikroskopu vidudu vyembamba vilivyojisokota. Wengine wangeandika malaria tu na kumrudisha nyumbani. Homa ikishatulia, vidudu hivyo ni vigumu kuonekana. Ndiyo maana inafaa kwenda kituoni wakati homa iko juu. Mtoto alizaliwa mapema, lakini ananyonya. Kuna mimba nyingi zinazotoka kwa homa hii.

Dawa ni antibiotiki, kama doksisiklini. Wenye mimba hupewa nyingine, kama eritromisini. Saa chache baada ya dawa ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya, vidudu vikifa kwa wingi. Afadhali abaki mbele ya waganga, asimeze peke yake nyumbani.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza, aliugua mwenyewe akafia Kasongo. Vidudu vyake ni ndugu wa vile vya ugonjwa wa Lyme wa Ulaya na Marekani.

Kufagia peke yake hakutoshi. Nyufa zizibwe kwa udongo laini, kitanda kiinuliwe na kisiguse ukuta, chandarua kichomekwe chini ya godoro. Na kabla ya kuhamia nyumba nyingine, mikeka na mizigo ikung'utwe nje, maana kimputu husafiri ndani yake.