Sauti ya Katikati
Katika kwaya yetu hapa Kampala, mwanamume huimba sauti ya tena au ya besi. Kwa kumsikiliza Mmarekani Will Liverman nilijua kuna baritoni, iliyo kati ya hizo mbili. Katika opera nyingi shujaa hupewa sauti ya tena. Baritoni huwa baba au adui. Lakini mwaka 2021 Liverman alikuwa mhusika mkuu wa opera ya Terence Blanchard, ya kwanza ya mtunzi mweusi kuoneshwa Metropolitan Opera, New York, iliyoanzishwa mwaka 1883. Mwaka 2023 akaimba papo hapo kama Malcolm X.

Jamaa zangu huuliza Kiswahili kitanipeleka wapi. Mimi si mzawa wa lugha hii, wala si mgeni kwake. Huwajibu kwamba hata wa katikati hutungiwa wimbo wake, mradi siku hiyo imkute amejiandaa.