Mchango wa Maneno katika Programu Huria

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mavazi peke yake. Umo pia katika vyombo ambavyo watu huvitumia kila siku, na katika maneno wanayoyatumia kuvitaja vyombo hivyo. Mkulima wa huku kwetu Keza ana jina la jembe na la mpini, na ana majina ya mgomba kuanzia chipukizi hadi mkungu. Kwa kuwa anayo majina hayo, anaweza kumfundisha mwanawe kilimo bila ya kuazima ulimi wa mtu mwingine. Chombo kisichokuwa na majina katika lugha ya mtumiaji humfanya mtumiaji huyo awe mgeni katika kazi yake mwenyewe. Ndiyo sababu naona inafaa nizungumzie hapa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi tu, yaani kuchangia katika utengenezaji wa programu huria za kompyuta.

Kompyuta haifanyi kazi ila kwa kufuata maagizo. Maagizo hayo huandikwa na mafundi, nayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao kama mganga afichavyo dawa yake; mnunuzi hupewa chombo kikiwa kimefungwa, na haruhusiwi kukifungua wala kukigawa. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza nia ya kuunda programu za namna nyingine. Programu hizo kila mtu angekuwa na uhuru wa kuzitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake na kuubadili, kuwagawia wenzake nakala, na kuwagawia pia nakala alizozirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini, alitoa kiini cha mfumo uitwao Linux, na mafundi wa nchi nyingi wakajiunga naye kukiendeleza. Leo mashine nyingi zinazoendesha mtandao wa intaneti hutumia mfumo huo, na hata simu nyingi tulizo nazo mifukoni zimejengwa juu ya kiini hicho hicho.

Wasemao Kiingereza wamepata taabu kulieleza jambo hili, kwa kuwa neno lao moja lina maana ya kitu cha bure na pia maana ya kitu kilicho huru. Hivyo hawana budi kueleza kila mara kwamba wanakusudia uhuru na wala si bei. Sisi hatuna taabu hiyo. Kiswahili kimeyatenga mambo hayo mawili tangu zamani, na mtu asemapo "programu huria" hahitaji kuongeza maelezo. Nalitaja jambo hili ili wanafunzi watambue kwamba lugha yetu haiendi kwa mambo mapya mikono mitupu. Mara nyingine huwa imekwisha kufika.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa programu hiyo mtu aliweza kuandika barua na kupanga hesabu katika majedwali huku maelezo yote ya kiooni yakiwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo haikuhitaji kungoja huruma ya kampuni ya ng'ambo, kwa sababu leseni ya OpenOffice ilimruhusu kila mtu kuitafsiri na kuitoa upya. Nikiitazama kazi hiyo humkumbuka Mwalimu Nyerere, ambaye tafsiri yake ya Julius Caesar ilitolewa mwaka 1963, ikafuatwa na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwalimu hakuhitaji ruhusa ya mtu, kwani Shakespeare alifariki mwaka 1616 na tamthilia zake zilikwisha kuwa mali ya ulimwengu. Wenye programu huria wamefanya jambo la ajabu zaidi: wameitoa kazi yao iwe mali ya wote wangali hai.

Sasa msomaji ataniuliza, je, mambo haya yanamhusu nini mtu wa Keza? Nitajibu kwa kisa. Kilikuwako kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na katibu wao, mama mwenye elimu ya msingi na hesabu safi, alijifunza kuingiza michango katika jedwali la kompyuta. Jioni moja, alipomaliza kuingiza michango ya mwezi mzima, mashine ilimwuliza swali kwa Kiingereza kabla ya kufunga. Katika majibu matatu aliyopewa alichagua moja, na michango ya mwezi ikapotea. Madaftari yalikuwapo, kwa hiyo fedha haikupotea. Lakini kwa majuma mawili mama huyo alitazamwa kwa jicho la shaka na wenzake, na kazi ya kompyuta ikasimama. Mama yule alijua hesabu, na alijua kusoma. Kilichomshinda ni swali moja ambalo, lau lingeulizwa kwa Kiswahili, mtoto wa darasa la nne angelijibu.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika Ngara na huko Biharamulo watoto wengi huanza na Kihangaza, Kishubi au lugha nyingine ya nyumbani. Kiswahili wanakikamilisha shuleni, nacho huwa ni ngazi ya pili. Kiingereza ni ngazi ya tatu, na wengi huishia kabla ya kuikanyaga. Kuiweka kompyuta juu ya ngazi ya tatu ni kuwaambia wengi kwamba chombo hiki si chao.

Mimi ni mtumishi wa serikali na mtunzi wa mashairi. Elimu yangu ni ya sekondari, na kuandika msimbo sijui. Mwana wa marehemu kaka yangu, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyenionyesha kwamba hata mtu kama mimi ana nafasi. "Baba mdogo," aliniambia baada ya kuniamkia, "wanaojua msimbo wako wengi. Wanaojua Kiswahili ndio wachache." Akaniletea katika kompyuta yake orodha ya sentensi: upande wa kushoto Kiingereza, upande wa kulia patupu. Kazi ni kujaza palipo patupu. Mtu mwingine, pengine aliye Mombasa au ughaibuni, huisoma tafsiri, huikubali au huipinga kwa hoja. Na ikikubaliwa huingizwa katika toleo lijalo.

Niligundua upesi kuwa kazi hii ina undugu na ushairi. Neno la kwenye kitufe lina nafasi yake, kama kipande cha mshororo kilivyo na mizani yake; likizidi hukatwa na kioo bila ya huruma. Aliyezoea kutafuta neno la silabi tatu lenye uzito wa sentensi hapotezi ujuzi wake hapa. "Hifadhi", "futa", "tafuta", "bandika": haya ni maneno mafupi, yanaeleweka, na hayahitaji mkalimani.

Ugumu mkubwa uko katika sarufi. Fundi wa Kiingereza huandika sentensi yenye pengo, ili mashine ijaze jina lolote kisha iseme kwamba kitu hicho kimefutwa. Kwake kitenzi hakibadiliki. Kwetu kitabu kimefutwa, barua imefutwa, jedwali limefutwa na maneno yamefutwa. Mashine haijui ngeli. Dawa tuliyoipata ni kuipindua sentensi, ili kitenzi kifungamane na nomino tuliyoichagua wenyewe: "Faili lenye jina lifuatalo limefutwa", kisha jina lije mwisho. Hivyo sarufi imehifadhiwa, na mashine imetii.

Tulibishana pia. Katika lile swali la kufunga kazi, jibu la tatu huirudisha kazi ilivyokuwa, pasipo kuhifadhi wala kupoteza. Wengi wa wafasiri huliita "Ghairi". Mimi nilitaka "Acha", kwa kuwa neno hilo lajulikana hata na mtoto. Kabla ya kulitetea nilikwenda kuwauliza watu sokoni na shuleni. Watano niliowauliza waliligawa neno "acha" katika maana mbili: wawili walidhani kuwa ni kuacha mabadiliko yapotee, na watatu walidhani kuwa ni kuacha kufunga. Neno "ghairi" watatu hawakulijua, lakini waliolijua hawakulitilia shaka. Neno gumu lenye maana moja hufundishika. Neno rahisi lenye maana mbili hupoteza kazi za watu. Basi "Ghairi" likabaki. Nami nikapendekeza kwamba jibu la pili lisiwe "Tupa" bali "Usihifadhi", ili atakayelichagua ajue waziwazi analolikataa. Pendekezo hilo likakubaliwa.

Wako waulizao kwa nini tufanye kazi bila ya malipo, hali matajiri wa ng'ambo nao huzitumia programu hizi. Swali ni la haki. Lakini wazee wetu walipotoka pamoja kulima shamba la mmoja wao, hawakuuliza iwapo jirani tajiri atapita katika njia waliyoifyeka. Walijua kwamba zamu yao itafika. Katika programu huria zamu imekwisha kufika kabla hatujalima: tumepokea kazi ya maelfu ya watu, na tunachorudisha ni maneno. Wengine husema kwamba dawa ni kuwafundisha watu wote Kiingereza. Kiingereza kifundishwe, na kifundishwe vizuri. Lakini mama wa kikundi hawezi kuahirisha hesabu zake mpaka atakapokijua.

Hatari ya kweli ni nyingine. Programu huria hubadilika daima, na kila toleo jipya huja na sentensi mpya. Mwaka 2010 wengi wa waliokuwa wakiitengeneza OpenOffice walijitenga, wakaanzisha LibreOffice kutokana na msimbo ule ule; leseni iliwaruhusu, na tafsiri za zamani zikaweza kufuata. Lakini pasipokuwa na mtu wa kutafsiri yaliyo mapya, Kiingereza hurudi kidogo kidogo, sentensi moja hapa na nyingine pale, mpaka kioo kinakuwa kama shamba lililoachwa bila ya kupaliliwa. Mradi huwa na mwanzo na mwisho, na fedha zake hukoma; lugha haina mwisho, nayo yahitaji watu wasiongoja mradi.

Kwa hiyo nawaelekea walimu na wanafunzi. Shule yenye kompyuta moja inaweza kuchagua programu moja huria na kutafsiri sentensi ishirini kwa juma. Wanafunzi wa Kiswahili watajifunza ngeli kwa njia ambayo hakuna mtihani uwezao kuwafundisha, na wanafunzi wa sayansi wataona kwamba chombo kimetengenezwa na watu, na kwamba watu waweza kukirekebisha. Wakikosa istilahi, watazame kwanza iliyokwisha kutumiwa na wenzao na iliyosanifiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo liliundwa mwaka 1967 kwa kazi kama hii, kabla ya kubuni ya kwao. Wasiandike neno ambalo hawajamsomea mzazi wao mmoja na kumwuliza amelielewaje.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeizoea hata hatuisikii tena. Lakini katika kazi hii ni hesabu halisi. Kila sentensi iliyotafsiriwa ni swali moja ambalo mashine haitamwuliza tena mama wa kijijini kwa lugha asiyoijua. Bado sentensi zilizo tupu upande wa kulia ni nyingi, na kila toleo laleta nyingine. Waliotutangulia walikipokea Kiswahili kikiwa lugha ya soko na ya shairi, wakakifanya kiwe lugha ya bunge, ya mahakama ya mwanzo na ya shule ya msingi. Sehemu hii ya kazi wametuachia sisi.