Kwa Basi hadi Bagamoyo

Akina mama wengi husafiri kwa ajili ya msiba, harusi au kumhudumia binti aliyejifungua. Safari hii tulikwenda kutembea tu, wanawake wawili, kila mmoja na begi mgongoni, khanga mbili na chupa ya maji. Waume walibaki na watoto, na hakuna aliyelala njaa.

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi, kupitia Tegeta na Bunju. Mjini tulipita haraka. Tuliokaa sana ni pale Misheni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Waliwakomboa watoto watumwa kwa kuwalipia fedha, wakawalea na kuwafundisha kazi, na walipokua wakaoana na kukaa katika kijiji chao cha uhuru. Tuliulizana: mama zao je? Tulinyamaza kitambo.

Mnara wa kanisa la zamani bado umesimama. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya akina Susi na Chuma kuubeba kutoka bara.

Makaburini, kwa kuwa sote ni wauguzi, tulitazama umri. Wamisionari wengi walikufa wangali vijana. Malaria iliyowamaliza wengi wao, leo zahanati huigundua kwa tone la damu, mradi mama asichelewe kumpeleka mtoto. Usiku tulikagua chandarua cha nyumba ya wageni. Kilikuwa na matundu mawili, tukayashona.

Asubuhi tulipanda gari la Msata, ili pale tupate basi la Tanga.